KUOMBA FEDHA ZA MRADI WA TEKNOLOJIA KATIKA SKULI YA BIASHARA YA CHUO KIKUU

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wawakilishi wa vikundi vya uzalishaji mali. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Wakurugenzi na wakuu wa vitengo, Masheha wetu, walimu, wawakilishi wa vikundi, Mabibi na Mabwana,



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa likiletwa mezani kwetu mara kwa mara, nalo ni namna ya kuandika maombi ya fedha za mradi wa teknolojia pale ambapo mwenye kupokea maombi hayo si kiwanda wala maabara, bali ni skuli ya biashara ya chuo kikuu. Watu wengi hustaajabu. Mtu amebuni kikaushio cha mwani kinachotumia jua, au amepanga programu ya simu ya kuwajuilisha wavuvi bei ya samaki sokoni, kisha anaambiwa apeleke karatasi zake kwa walimu wa uhasibu na masoko. Hurejea akinung'unika kwamba ameelekezwa mlango usio wake. Leo nataka nieleze kwa nini mlango huo ni wake, na nini anachotakiwa aingie nacho mkononi.

Kwanza tujue tunazungumzia nyumba gani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi tumezoea kukiita SUZA, kiliundwa kwa Sheria Nambari 8 ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha mwaka 2001. Skuli yake ya Biashara iko Chwaka, pale pale palipokuwa na Chuo cha Uongozi wa Fedha kabla ya chuo hicho kuunganishwa na SUZA mwaka 2016. Ng'ambo ya bahari, Skuli ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatokana na Kitivo cha Biashara na Uongozi kilichoanzishwa mwaka 1979. Kadhalika ipo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 7 ya mwaka 1986, ambayo ina mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia uliowekwa mwaka 1995. Elimu ya juu na utafiti ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hivyo Mzanzibari anayepeleka maombi yake Dar es Salaam hendi kuomba hisani ugenini. Anakwenda kwenye chombo chake, na anastahiki kujibiwa kama anavyojibiwa mtu wa Mwanza au Mbeya.

Tabia ya kuziweka fedha za teknolojia karibu na skuli ya biashara haikuanzia kwetu. Huko Marekani, wanafunzi wa skuli ya biashara ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walianza mashindano ya mipango ya biashara mwaka 1984. Mwaka 1990, wanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT na wenzao wa skuli ya biashara ya Sloan, iliyomo ndani ya chuo hicho hicho, wakaanzisha mashindano yenye zawadi ya dola 10,000. Zawadi ikapandishwa hadi 50,000, na mwaka 2006 ikafika 100,000. Walioyaanzisha walikuwa wameona kwamba wahandisi wana vitu na hawana wanunuzi, na wenzao wa biashara wanajua wanunuzi na hawana kitu cha kuwauzia.

Katika mashindano ya mwaka 1998 waliingia Tom Leighton, profesa wa hisabati, na mwanafunzi wake Danny Lewin. Walikuwa wamepata njia ya kihisabati ya kupunguza msongamano wa mawasiliano katika intaneti, ambayo wakati ule ilikuwa ikikwama kama barabara ya Darajani siku ya mkesha wa Idi. Aliyekuja kusimama nao upande wa biashara, Jonathan Seelig, alikuwa mwanafunzi wa Sloan. Walifika miongoni mwa wa mwisho, lakini zawadi ya kwanza hawakuipata. Hata hivyo mwaka ule ule waliunda kampuni ya Akamai, na ilipofika Oktoba 1999 hisa zake zilikuwa zikiuzwa kwa umma. Msambao wa hisabati yao ulikuwa wa ajabu, lakini kilichoifanya kampuni iishi ni kwamba walijua nani atakayelipa. Aliyelipa hakuwa mtu wa kawaida anayetazama kurasa nyumbani kwake. Alikuwa ni mwenye kurasa, ambaye anapoteza wateja pale kurasa zake zinapochelewa kufunguka.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mwalimu wa skuli ya biashara anapofungua ombi lako, hatafuti kujua chombo chako kina nguvu za wati ngapi. Hilo atawauliza wahandisi. Yeye anatafuta kujua nani ana shida hii, anaitatua vipi hivi sasa bila ya chombo chako, atalipa nini ili akipate, na siku fedha za ruzuku zitakapomalizika nani atanunua kipuri. Maombi mengi tunayoyaona kutoka kwenye maofisi yetu na vikundi vyetu yanaeleza chombo kwa kurasa kumi, na mtumiaji kwa mistari miwili. Mistari yenyewe mara nyingi ni ile ile, kwamba mradi "utawanufaisha wananchi". Wananchi gani? Wa shehia ipi? Wangapi? Na wao wenyewe wamesemaje?

Nitachukua mfano wa mwani, kwa sababu kila mmoja hapa ana dada, mama au shangazi aliyewahi kuingia baharini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika visiwa vyetu mwaka 1989, na tokea hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Aina zinazolimwa ni mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini ndiyo isiyostahamili joto, na maji ya pwani yalivyozidi kupata joto ikawa inaoza na kukatika kwenye kamba kabla ya kuvunwa. Wataalamu, akiwemo Dk. Flower Msuya aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa mjini, walifanya kazi na wakulima kutafuta dawa ya jambo hilo. Kupitia mpango wa ushirika wa wadau wa mwani ulioanza mwaka 2006, wanawake walijifunza kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni. Zilijaribiwa pia neti za mirija, ambazo hushika mwani usichukuliwe na mawimbi na huwezesha kotoni kulimwa kwenye maji ya kina, yenye ubaridi zaidi.

Teknolojia hiyo ni nzuri. Lakini tazameni inavyobadilisha hesabu. Mkulima wa zamani alikuwa anakwenda kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakikupwa, akiwa na vigingi, kamba na taitai. Mkulima wa maji ya kina anahitaji chombo cha kumfikisha, anahitaji mafuta au mpiga kasia, na anahitaji kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wetu wengi wa pwani hawakufundishwa. Wenye mradi walilazimika kuwafunza wanawake kuogelea na kuendesha chombo. Sasa fikirieni ombi la fedha lililoandika bei ya neti peke yake, bila ya boti na bila ya mafunzo ya kuogelea. Neti zingefika, zingepigwa picha, na zingebaki ufukweni.

Tuendelee na huo huo mwani, twende kwenye hesabu, maana ndiyo inayowakimbiza wengi. Nasisitiza kwamba tarakimu nitakazozitaja ni za mfano tu, kila kikundi kitie zake. Tuseme kikundi cha wanawake 20 kinaomba kikaushio cha jua chenye thamani ya shilingi 6,000,000, kitakachodumu miaka mitano. Ukigawa, kila mwaka kinakula shilingi 1,200,000. Plastiki yake huchakaa kwa jua na chumvi, misumari hushika kutu. Tuseme matengenezo ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Jumla ni 1,500,000, na kwa wanawake 20 ni shilingi 75,000 kila mmoja kwa mwaka.

Haya, kinawaletea nini? Wanasema mvua za masika huwaharibia mwani ulioanikwa. Tuseme kila mmoja hupoteza kilo 60 za mwani mkavu kwa mwaka, na mnunuzi hulipa shilingi 1,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 60,000. Chombo kinamgharimu 75,000 ili kimuokolee 60,000. Kila mwaka anapoteza 15,000, na hali katika picha anaonekana anacheka.

Sisemi kwamba kikaushio hakifai. Nasema ombi lililoandikwa hivyo litakataliwa, na likikataliwa itakuwa ni kwa haki. Lakini yule aliyeifanya hesabu hii mwenyewe kabla ya kupeleka karatasi, ana njia. Anaweza kuuliza kama chombo kinatosha kwa wanawake 30, maana hapo gharama inashuka hadi 50,000 kwa mtu na faida inaonekana. Anaweza kuuliza kama katika siku ambazo mwani haukaushwi kitakausha dagaa, ambao hununuliwa na wafanyabiashara na kusafirishwa hadi Kongo. Anaweza kuuliza kama mwani mkavu na safi utasagwa unga na kuuzwa kwa bei iliyo juu ya ile ya mnunuzi wa ufukweni. Na anaweza pia, kwa uungwana, kugundua kwamba chanja ya miti iliyoinuliwa juu ya mchanga, pamoja na turubai la kufunikia, inafanya robo tatu ya kazi kwa gharama ndogo sana. Katika hali hiyo aombe fedha za chanja mia moja badala ya vikaushio kumi. Wapo watakaoona haya kuita chanja "teknolojia". Mimi sioni kwa nini. Mwalimu wa biashara naye haoni, mradi hesabu imekaa sawa.

Swali la kipuri nalo halina budi kujibiwa kwa majina na tarehe. Sote tunazijua ofisi ambamo kompyuta za msaada zimefunikwa vitambaa kama maiti, kwa sababu wino wa mashine ya kuchapia ulimalizika na hakuna kifungu cha kuununulia mwingine. Mfano mwema upo Kinyasini, katika kituo cha Barefoot College, ambako wanawake wa vijijini hufundishwa kuunda na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua. Msingi wa utaratibu ule ni kwamba kila nyumba inayowekewa taa huchangia kidogo kila mwezi, na fedha hiyo ndiyo inayomlipa fundi na kununua vipuri, na fundi mwenyewe ni mkaazi wa kijiji hicho hicho. Ombi lenye mpango kama huo, hata likiwa na Kiingereza kibovu, lina nafasi kuliko lile lililopambwa.

Kuna jambo jengine ambalo fomu nyingi za siku hizi huliuliza, nalo ni ngazi ya ukomavu wa teknolojia. Kipimo hiki kilitungwa na shirika la anga la Marekani, NASA, na kina ngazi tisa. Ngazi ya kwanza ni fikra iliyo kwenye karatasi. Za katikati ni kitu kilichojaribiwa maabara na baadaye katika mazingira yanayofanana na ya kweli. Ya tisa ni kitu kinachofanya kazi kila siku. Waombaji wetu hupenda kujipandisha. Aliye na mchoro huandika kwamba yuko ngazi ya saba. Huku ni kujidhuru, kwa sababu fedha za ngazi za chini hutolewa kwa ajili ya majaribio na hazidai mapato, na fedha za ngazi za juu hudai wateja waliokwisha kulipa. Ukijiita wa saba utaulizwa risiti.

Tena majaribio yenyewe yaachiwe nafasi ya kukufundisha. Mnaikumbuka historia ya M-Pesa, ambayo leo hata muuza urojo wa Forodhani anaijua. Mwaka 2003 kampuni ya Vodafone iliomba fedha katika mfuko wa ushindani wa Serikali ya Uingereza, ikapewa karibu pauni milioni moja kwa sharti kwamba nayo itie fedha zake. Walioliandika ombi lile walikuwa wakifikiria mikopo midogo midogo: mkopaji apokee na kulipa mkopo wake kwa simu. Majaribio yakaanza Kenya Oktoba 2005, na watu waliopewa simu wakaanza kuzitumia kwa mambo yao, wakipelekeana fedha wao kwa wao. Wenye mradi walitazama, wakafahamu, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ni ya kupelekeana fedha. Lau wangeng'ang'ania maneno ya fomu yao, huenda tungekuwa bado tunampa bahasha dereva wa daladala. Kwa hivyo andikeni ndani ya ombi lenu kwamba baada ya miezi kadhaa mtawauliza watumiaji, na kwamba mko tayari kubadilisha. Skuli ya biashara haichukulii maneno hayo kuwa ni udhaifu.

Nije kwenye bajeti. Fedha ya kigeni hupanda na kushuka, ushuru wa bandarini upo, na wafadhili wengi hawakubali kulipia kodi. Ulizeni kabla, si baada ya kontena kufika Malindi. Chuo nacho hukata sehemu kwa uendeshaji, na hilo si wizi, limo ndani ya mkataba. Mchango wa muombaji unaweza kuwa wa fedha, wa jengo, au wa saa za kazi za wataalamu, lakini uandikwe kwa thamani inayoweza kuthibitishwa. Na hapa niseme wazi, kwa kuwa tuko wenyewe kwa wenyewe: jambo la kwanza wanalolitazama wasomaji wa bajeti ni posho, semina na gari. Nimeziona bajeti ambazo nusu yake ni posho za watu wanaoishi dakika 20 kutoka mahali pa mkutano. Bajeti ya namna hiyo inawaambia wasomaji, kabla hawajafika ukurasa wa pili, kwamba mradi huu ni wa waandishi wake.

Kuandikiana ni jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa na mfadhili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Pamoja na hayo, vikundi vyetu vinaingia katika miradi ya mamilioni kwa kupeana mikono. Kikundi na mbunifu waandikiane mapema nani mwenye chombo, nani ataweka fedha benki, nani atasaini hundi, na nini kitafanyika mmoja akijitoa. Tusingoje fedha zije ndipo tuanze kugombana.

Hili linanipeleka kwenye haki ya ubunifu, ambayo kwa hapa ina hukumu yake mahsusi. Usajili wa hataza si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwandani, Nambari 4 ya mwaka 2008, na msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Tanzania Bara ina sheria yake na msajili wake, BRELA. Aliyesajili Dar es Salaam asidhani amelindwa Unguja na Pemba, na aliyesajili hapa asidhani amelindwa Kariakoo. Zaidi ya hayo, hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kilichokwisha kuelezwa hadharani kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Mbunifu anayesimama mbele ya kamati na ukumbi mzima akaeleza siri yote ya chombo chake kabla ya kupeleka maombi ya hataza, anaihatarisha haki yake kwa ulimi wake. Katika ombi eleza chombo kinafanya nini na kwa gharama gani. Namna kinavyofanya, kwa undani, iwekwe katika waraka wa siri, na muulizeni Msajili mapema. Ulizeni pia kanuni za chuo chenyewe, kwani vyuo vingi vina sera inayosema chuo kinapata sehemu ya kile kilichobuniwa kwa fedha au vifaa vyake. Sera hiyo isomwe kabla ya kutia saini. Namjua kijana aliyetia saini kwanza na kusoma baadaye, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, na hadi leo anazungumza na mawakili.

Kwa watumishi wenzangu wa Serikali kuna la ziada. Afisa hawezi kuifunga wizara yake kwa saini yake mwenyewe. Katibu Mkuu ndiye Afisa Masuuli, na barua inayosema wizara itachangia jengo, umeme au watumishi haina uzito bila ya idhini yake. Barua hiyo inapita kwa Mkurugenzi, inapita Mipango, inapita Uhasibu, na mnajua wenyewe inavyosafiri. Tangazo likitoa wiki sita, wiki mbili za mwanzo zitumike kupeleka dokezo juu, na ombi lenyewe liandikwe huku dokezo likitembea. Kama mradi unakusanya taarifa za watu, kibali cha utafiti kinahitajika, nacho kina muda wake. Nimeona ombi zuri la vijana wa Pemba likikosa kwa siku moja, kwa sababu ya muhuri.

Juu ya lugha, fomu nyingi ni za Kiingereza. Ushauri wangu ni kuandika kwanza kwa Kiswahili, mbele ya kikundi, hadi kila mwanakikundi akubali kwamba hivyo ndivyo wanavyokusudia. Kisha ndipo mtu mwenye Kiingereza kizuri atafsiri. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazotunga ombi zima kwa dakika moja. Zinasaidia kunyoosha sarufi, sikatai. Lakini hazijui mnunuzi wa mwani wa Bweleo alilipa kiasi gani mwezi uliopita, na wasomaji wa maombi wamekwisha kuyazoea maneno yake laini kiasi kwamba wanayapita kama mtu apitaye duka lililofungwa. Bei moja ya kweli, yenye tarehe na jina la soko, inashinda kurasa tatu za sifa.

Ombi likivuka hatua ya kwanza, utaitwa kulitetea kwa mdomo, kwa kawaida kwa dakika chache sana. Vikundi vyetu huwa vinampeleka mwenye elimu kubwa kuliko wote, akiwa amevaa tai. Mimi ningempeleka yule anayekitumia chombo. Mama wa Jambiani au Tumbe akisimama akaeleza kwa Kiswahili chake anapoteza nini masika yakiingia, na mwenye tai akakaa pembeni kujibu ya kitaalamu, kamati itajua kwamba mtumiaji yupo na ana sauti.

Wengine mtakataliwa. Wanaoomba ni wengi na fedha ni kidogo, hilo si la kuficha. Muombaji ana haki ya kuomba maoni ya wasomaji kwa maandishi, na ni watu wachache mno wanaofanya hivyo. Wengi huona ni kujidhalilisha, au huamua kwamba mambo yamekwisha pangwa. Inawezekana mara nyengine yamepangwa. Lakini maoni yale ni mafunzo ya bure kutoka kwa watu ambao darasani hulipwa, na ombi lililorekebishwa kwa kuyafuata huwa la tofauti kabisa mwaka unaofuata.

Nimalizie kwa kazi moja iliyofanyika hapa hapa, ili msione kwamba ninasimulia ya Marekani na Kenya tu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, SUZA, COSTECH na Benki ya Dunia walianza kupiga picha za ramani ya visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, badala ya kukodi ndege kubwa yenye gharama nyingi. Waliofundishwa kuzirusha ni vijana wa chuo chetu. Katika mradi ule mtumiaji alikuwa anajulikana tokea siku ya kwanza: ni ofisi inayopanga ardhi, iliyokuwa ikihitaji ramani mpya. Gharama ya njia ya zamani ilikuwa inajulikana, kwa hivyo nafuu ya njia mpya ilipimika. Na ndege zilipotua, ujuzi ulibaki kwa watu wa hapa.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umefika. Waliokuja na rasimu zao wasiondoke. Meza ziko upande wa dirishani na wenzetu wa Mipango na Uhasibu watakaa nao hadi saa kumi. Wenye hesabu ambazo hazijakaa sawa waanze wao. Sasa niko tayari kupokea masuala.